Jukwaa la Mabinti wa Morogoro

Wajukuu zangu, mtoto wa hapa Vidunda akiulizwa atakuwa nani akikua, majibu huwa hayapishani sana. Mwalimu. Nesi. Askari wa wanyamapori kule hifadhini Mikumi. Dereva wa matrekta yanayovuta miwa bondeni, upande wa Kidodi na Ruembe. Ni nadra kumsikia anayesema, "Mimi nitakuwa mwigizaji." Na aseme msichana! Hapo hakosekani mtu mzima wa kumkata jicho na kumwambia aachane na uhuni, ashike daftari.

Leo nataka tuizungumze kazi hiyo hiyo, na tuwazungumze wanawake wawili wa mkoa wetu walioishika kwa mikono miwili, wakashika na daftari vilevile. Wa kwanza ni Penina Muhando, ambaye wengine wanamjua kwa jina la Penina Mlama. Alizaliwa mwaka 1948 Berega, wilaya yetu ya Kilosa. Sisi tuko kusini, huku milimani juu ya mto Ruaha Mkuu. Berega iko kaskazini, kwa Wakaguru, pale penye misheni ya Waanglikana na hospitali inayojulikana upande ule wote. Wa pili ni Amandina Lihamba, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1944. Amandina mtamwona zaidi kama mwigizaji, maana ametokea jukwaani na kwenye filamu. Penina mtamwona zaidi kama mwandishi wa michezo. Lakini kumsimulia mmoja na kumwacha mwenzake haiwezekani, kwa sababu kazi zao nyingi walizifanya bega kwa bega. Wote wawili wakawa maprofesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uprofesa haukuwatoa jukwaani.

Kabla sijafika kwao, niwapeleke kwanza Uingereza, mkaone kicheko cha jukwaani kule. Tutarudi upesi.

Kule Uingereza Krismasi ikikaribia, majumba ya maonyesho hujaa watoto. Wanakwenda kutazama mchezo unaoitwa pantomimu. Hadithi yenyewe kila mtu anaijua tangu utotoni: ya Cinderella aliyeteswa na mama wa kambo, au ya Aladdin na taa yake. Utamu uko kwenye namna inavyochezwa. Yule mama mnene mwenye maneno mengi anaigizwa na mwanamume, amevaa gauni pana na rangi nyekundu mashavuni. Yule kijana shujaa wa hadithi, kwa desturi ya zamani, anaigizwa na mwanamke aliyevaa nguo za kiume. Na watazamaji hawakai kimya. Adui akinyemelea jukwaani, watoto wote wanapiga kelele kumwambia shujaa kwamba adui yuko nyuma yake. Shujaa anageuka taratibu, adui anageuka naye, haonekani. "Wapi? Mbona simwoni?" Kelele zinazidi mpaka paa linatikisika.

Mwanamke mmoja aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ya kuvaa nguo za kiume jukwaani, jina lake la jukwaani lilikuwa Vesta Tilley. Alizaliwa mwaka 1864 mjini Worcester, na nyumbani aliitwa Matilda Alice Powles. Baba yake alikuwa mchekeshaji, akampandisha jukwaani akiwa bado mdogo kuliko watoto wa darasa la kwanza. Alipokua akawa bingwa wa kuigiza wanaume. Alivaa suti iliyomkaa sawasawa, akawachunguza vijana wa mjini wanavyotembea, wanavyoshika fimbo, wanavyovuta bega ili waonekane mabwana wakubwa, akawatoa vile vile walivyo. Watu walicheka kwa sababu walijiona. Alilipwa fedha nyingi kuliko wanawake karibu wote wa nchi yake wa siku zile.

Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, Vesta Tilley alipanda jukwaani amevaa sare za jeshi, akaimba, na vijana waliokuja kuburudika wakajiandikisha kwenda vitani. Mwaka 1920 akastaafu. Hapa, wajukuu, mimi husimama kidogo. Wangapi kati ya wale vijana waliocheka usiku ule walirudi makwao? Mchekeshaji akishamfungua mtu moyo, anaweza kumpeleka popote anapotaka. Kwa hiyo kila nikimtazama mchekeshaji hodari najiuliza: huyu, watu wakishacheka, anawapeleka wapi?

Haya, turudi nyumbani.

Msidhani mambo ya mwanamume kuvaa gauni na watu kupiga kelele ni ya Waingereza peke yao. Ni kweli Waingereza waliileta pantomimu yao mpaka Dar es Salaam, na ule ukumbi wao mdogo wa Msasani umekuwa ukiionyesha wakati wa Krismasi. Lakini sisi tulikuwa na vichekesho vyetu. Katika ngoma, wapigaji wanapopumzika, hujitokeza mtu amejipaka chokaa au masizi usoni, koti limechanika mgongoni, tumbo amelijaza matambara. Anamwigiza karani anayejifanya Mzungu, au tajiri wa dukani asiyetoa mkopo, au mtu wa shamba aliyefika mjini mara ya kwanza akashindwa kuvuka barabara. Kama panahitajika mke, mwanamume mwenzake hujifunga kanga, akatia sauti nyembamba. Redio ilipoenea, vichekesho vikaingia humo pia. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na saa yao ikifika nyumba yenye redio ilijaa majirani.

Wanawake walikuwa wapi? Kwenye jukwaa la mjini walikuwa wachache sana, kwa sababu mwanamke anayejitokeza mbele ya watu usiku, akaimba na kuchekesha, alionekana amepotea. Lakini nendeni nyuma ya nyumba. Ni nani aliyekuwa akisimulia ngano za sungura na fisi moto ukiwaka jikoni? Bibi. Ni nani aliyebadili sauti, zimwi likanguruma na mtoto mchanga akalia, vyote kwa kinywa kimoja? Bibi huyo huyo. Na katika unyago, ambako wanaume hawakanyagi, akina mama walicheza, wakaimba, wakaigiza mume mlevi na mke mvivu na wifi mchongezi, ili mwali acheke na ajifunze kwa wakati mmoja. Wanawake wa kwetu walikuwa waigizaji zamani sana. Walikosa tu kuitwa hivyo.

Jambo hilo Penina Muhando aliliona mapema. Alipokuwa mtoto, shule nyingi za wakati wa ukoloni ziliheshimu mchezo wa kuigiza kama umeandikwa na Shakespeare na kusemwa kwa Kiingereza. Ngoma na ngano ziliachwa nje ya uzio wa shule. Uhuru ulipopatikana mambo yakaanza kugeuka. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, akasema wakoloni walitufanya tuamini kwamba hatuna utamaduni wetu. Yeye mwenyewe alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikafungua idara ya sanaa za maonyesho. Penina akasoma huko, na baadaye akafundisha huko huko.

Alianza kuandika mapema. Tamthilia yake Hatia ilitoka mwaka 1972, ikafuata Tambueni Haki Zetu, kisha Heshima Yangu, kisha Pambo, zote ndani ya miaka michache tu. Aliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mama auzaye ndizi sokoni Kilosa angeielewa bila mkalimani. Kwa msomi wa chuo kikuu, kuandika kwa Kiswahili kulikuwa na gharama yake, maana majina makubwa ya dunia yalitengenezwa kwa Kiingereza. Alijua hivyo, na aliendelea kuandika kwa Kiswahili.

Ulipofika wakati wa kufanya utafiti wa shahada ya juu kabisa, ile ya udaktari, alirudi kwao. Utafiti wake, uliokamilika mwaka 1983, ulihusu maonyesho ya jadi ya Wakaguru na namna yanavyofundisha. Miaka miwili kabla, alikuwa ameandika katika jarida la tamthilia la Marekani juu ya digubi, ngoma ya Wakaguru inayohusiana na kuwatoa wali, yenye kuimba, kucheza na kuigiza ndani yake. Hebu fikirini. Jambo ambalo bibi zake walilifanya uani, ambalo shule ilimwambia aliache nyumbani, yeye alilibeba mpaka likasomwa na maprofesa ng'ambo. Na alilieleza kama linavyoelezwa somo lolote zito: nani anaanza, nani anajibu, mwili unafanya nini, mafunzo yako sehemu gani.

Kisha akalirudisha jukwaani. Katika tamthilia yake Nguzo Mama, ya mwaka 1982, yuko msimulizi mwanamke anayezungumza na watazamaji moja kwa moja, kama bibi anavyozungumza nanyi. Kuna kijiji kiitwacho Patata, na wanawake wake, ambao wanaitwa kwa namba: Bi Pili, Bi Nane na wenzao. Wanatakiwa kuinua nguzo kubwa. Wanashika kamba, wanavuta, nguzo inakataa. Mmoja ana ugomvi na jirani. Mwingine ana haraka ya biashara. Mwingine anafiwa na mume, na ndugu za mume wanakuja kuchukua kila kilichomo ndani. Ukitazama mchezo ule unacheka, maana kuvuta kamba kwa watu ambao kila mmoja anatazama upande wake kunachekesha sana kukionyeshwa vizuri. Halafu unakumbuka kwamba jirani yako alinyang'anywa shamba kwa namna hiyo hiyo, na kicheko kinakukaa kooni. Nawaambia ukweli, sijui mwandishi wa tamthilia za Kiswahili aliyeweza kufanya jambo hilo vizuri kumzidi.

Mwaka huo huo wa 1982 ilitoka Harakati za Ukombozi, iliyoandikwa na watu watatu: Penina, Amandina, na Ndyanao Balisidya aliyeandika riwaya ya Shida. Wanawake watatu, kitabu kimoja, katika nchi ambayo wakati ule wanawake walioandika vitabu ungeweza kuwataja wote bila kuvuta pumzi. Mwaka 1984 Penina akatoa Lina Ubani, ambamo ngano ya bibi inakutana na machungu ya nchi baada ya vita vya Kagera.

Sasa tumwendee Amandina.

Kama mnataka kujua jinsi anavyoelewa kuchekesha, someni Hawala ya Fedha, tamthilia aliyoitoa mwaka 1980. Hadithi yenyewe asili yake ni Senegal, kwa mwandishi na mtengeneza filamu Ousmane Sembène, ambaye mwaka 1968 aliitolea filamu iitwayo Mandabi. Amandina aliichukua akaileta kwenye jukwaa la Kiswahili. Sikilizeni jinsi ilivyo kwa Sembène.

Kuna mzee mmoja mjini Dakar, Ibrahima Dieng. Hana kazi, ana wake wawili na watoto tele, na anajipenda sana kwa mavazi. Siku moja tarishi analeta barua. Mpwa wake aliye Ufaransa amemtumia hawala ya fedha. Kabla mzee hajagusa hata senti moja, mtaa mzima umeshajua. Huyu anakuja kukopa mchele. Yule anakuja kueleza shida za mwanawe. Wake zake wameshachukua vyakula dukani kwa mkopo. Mzee anavaa vizuri, anakwenda posta. Pale dirishani anaambiwa alete kitambulisho. Hana. Anakwenda kutafuta kitambulisho, anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, naye anajua mwaka tu, tena kwa kukisia. Anatakiwa alete picha, mpiga picha anakula fedha zake, na wanapogombana mzee anaondoka na pua inayovuja damu. Mwisho kijana mmoja msomi, ndugu yao, anamwambia, "Niachie mimi nikakuchukulie." Anazichukua kweli, anazila zote.

Mzazi yeyote wa huku milimani aliyewahi kushuka mpaka Kilosa kufuatilia cheti cha mtoto, akarudishwa kwa sababu ya karatasi moja, akirudi nayo akaambiwa imekosa muhuri, hahitaji kuelezwa kwa nini Amandina aliona hadithi ya Dakar ni ya kwetu.

Lakini tazameni kazi ya mwigizaji hapo. Tuseme umepewa nafasi ya mzee. Umefika dirishani kifua mbele, kanzu imepigwa pasi, unamsalimia karani kwa sauti ya mtu mwenye fedha. Unasukuma karatasi. Inarudishwa. Ukilia papo hapo, watazamaji watakuhurumia, basi. Ukikasirika mara moja, watasema mzee mkorofi. Mwigizaji mzuri hafanyi vyote viwili. Anaitazama karatasi, anaigeuza juu chini kana kwamba kosa liko kwenye karatasi, anaisukuma tena kwa adabu zaidi. Inarudi tena. Safari hii bega limeshuka kidole kimoja. Mara ya tatu sauti imepungua. Mzee anakuwa mdogo mbele ya macho yetu, kidogo kidogo, na sisi tunacheka kila hatua, mpaka tunagundua tumemcheka mtu anayeonewa. Hapo ndipo mchezo unapotushika. Tunatoka nje tukijiuliza juu ya lile dirisha, na juu ya yule msomi mla fedha. Hayo ndiyo majibu ya swali nililojiuliza mwanzo, kicheko kinampeleka mtu wapi.

Amandina alikwenda Uingereza pia, lakini alikwenda kusoma. Katika Chuo Kikuu cha Leeds alipata shahada ya udaktari mwaka 1985, kwa utafiti juu ya siasa na maonyesho ya jukwaani Tanzania tangu Azimio la Arusha. Mwaka huo huo ilitoka filamu fupi ya Arusi ya Mariamu, naye yumo. Inahusu mwanamke anayeugua ugonjwa usioeleweka, na hofu yake ya kwenda kwa mganga wa jadi. Kisha mwaka 2001 ikaja filamu ndefu, Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando, Mtanzania, pamoja na Ron Mulvihill wa Marekani. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar.

Katika Maangamizi Amandina anaigiza mwanamke aitwaye Samehe. Samehe yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa miaka mingi hajatamka neno. Utotoni aliona ukatili wa baba yake juu ya mama yake, na ulimi ukafunga. Anakuja daktari mwanamke kutoka Marekani, mwenye asili ya Kiafrika, anataka kumsaidia. Anakuja pia bibi wa ajabu, Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan, ambaye Samehe anamwona na wengine hawamwoni.

Hii si filamu ya kuchekesha, wala sitaki mtu aifungue akitarajia kicheko. Naitaja kwa sababu ya ule ukimya. Mwigizaji wa maneno mengi ana pa kujificha. Akikosea uso, sentensi inamfunika. Samehe hana sentensi. Amandina amebaki na macho, shingo na vidole, na namna ya kuvuta pumzi. Hata wachekeshaji wote wakubwa wanaijua kazi hiyo, maana kichekesho kizuri mara nyingi hakiko kwenye neno. Kiko pale mtu anapokosa la kusema, akatutazama. Mwenye kuweza kunyamaza mbele ya watu mia tatu, na wote wakaendelea kumtazama, huyo ni fundi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika maisha yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina, Amandina na mwenzao Eberhard Chambulikazi walitoka chuoni wakaenda kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, kwa Wasukuma. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikwenda kukaa na wanakijiji, kuwasikiliza, kuwauliza ni jambo gani linawaumiza. Jambo lililojitokeza kwa nguvu lilikuwa wasichana wadogo kupata mimba. Watu wa Malya wenyewe, vijana kwa wazee, wakalitengenezea maonyesho kwa ngoma zao na kwa maigizo. Yakaonyeshwa hadharani, kisha yakajadiliwa hadharani. Baadaye walifanya kazi kama hiyo Msoga, upande wa Bagamoyo, na hapa mkoani kwetu, Mkambalani, karibu na Morogoro mjini. Penina aliandika kitabu kizima juu ya kazi hizo, kilichotoka mwaka 1991.

Kwa nini wasiitishe mkutano tu, mwenyekiti akasimama akasema mimba za utotoni ni mbaya? Mikutano hiyo mnaijua. Wazee wanakaa mbele kwenye viti, akina mama chini kwenye mikeka, wasichana nyuma kabisa au hawapo. Mwenyekiti anasema, watu wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani. Msichana hawezi kusimama pale akasema, "Aliyenipa mimba ni mtu mzima, na mnamjua." Atapigwa. Lakini katika mchezo anaweza kuigiza. Anaweza kumweka yule mtu mzima jukwaani, na kofia yake, na kikohozi chake, na zawadi zake za soda na maandazi. Watu wanacheka kikohozi. Wanapocheka wamekubali kwamba wanamjua mtu wa namna hiyo. Na wakishakubali, msimamizi wa mchezo anasimamisha kila kitu na kuuliza: haya, huyu tumfanyeje? Mkutano unaanzia hapo, na safari hii aliyekuwa nyuma kabisa ndiye aliyeufungua.

Kutokana na mbegu hiyo ukaja Tuseme, mwaka 1996. Ni mpango wa shule za sekondari waliouanzisha Penina na Amandina pamoja na wenzao wa chuo kikuu. Wasichana, pamoja na wavulana, wanakaa na kuorodhesha mambo yanayomkwamisha msichana asisome. Wanatafuta chanzo cha kila jambo. Wanatengeneza mchezo, wanauonyesha mbele ya shule nzima, walimu wakiwemo, halafu wanajadiliana. Wakimaliza hawaachi hivi hivi. Wanaunda klabu ya kufuatilia.

Nitoe mfano wa kubuni, ili msije mkatafuta shule yenyewe. Shule moja bomba limekauka. Kila asubuhi wasichana wanatumwa mtoni kuchota maji ya walimu, wavulana wanacheza mpira. Kengele ikigongwa, wavulana wako darasani, wasichana bado wanapanda kilima. Mwalimu wa hisabati anauliza kwa nini wasichana wa shule hii hawajui hesabu. Wanafunzi wanageuza mambo. Jukwaani wavulana ndio wanabeba ndoo, tena wameshindwa kuziweka kichwani, maji yanawamwagikia puani. Wasichana wanacheza mpira na kutoa amri. Mvulana mmoja anafika darasani ameloa chapachapa, msichana anayeigiza mwalimu anamuuliza kwa upole, "Mbona wavulana hamjui hesabu?" Shule nzima inaanguka kwa kicheko, na walimu wamo. Jumatatu inayofuata, zamu ya maji inagawanywa.

Penina baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu ya wasichana, yenye makao Nairobi, na Tuseme ikavuka mipaka ikaingia shule za nchi nyingine za Afrika. Amandina naye aliendelea kuwashughulikia watoto, kwa mradi wa maigizo ya watoto na matamasha yake, watoto wa shule wakipanda jukwaani na michezo waliyoitunga wenyewe. Watoto wa rika lenu kabisa.

Kwa hiyo msichana wa Vidunda akisema anataka kuwa mwigizaji, mimi simkati jicho. Namuuliza kama yuko tayari kufanya mazoezi, kwa sababu ni kazi ya jasho kama kulima. Na zoezi la kwanza tunaweza kulifanya hapa hapa, halihitaji jukwaa wala fedha.

Chukua ndoo tupu. Ibebe kichwani kama imejaa maji mpaka juu. Usiseme neno, na usitazame chini. Shingo inajikaza, lakini uso haukunji, maana mtu aliyezoea kubeba maji hakunji uso. Magoti yanalegea kidogo. Hatua ni fupi, mguu unatafuta jiwe kabla ya kulikanyaga, kwa sababu njia yetu hii ni ya mlima. Sasa umekutana na mama mkubwa njiani, ni lazima umsalimie kwa kupiga goti. Fanya hivyo bila kumwaga. Halafu nzi akutue puani.

Mmoja abebe, wengine mtazame. Mkiona maji yamemwagika, pigeni kelele zote mlizonazo, aanze upya.